Florini Ilikuja na Pampu

Siku ya baraza watu walijaa mbele ya ofisi ya kijiji, lakini wenye sehemu katika habari hii ni hawa. Mimi, wakati huo mwanamke mwenye nguvu zangu, na kitindamimba wangu mgongoni. Mume wangu, aliyekaa upande wa wanaume akichora chini kwa kijiti. Mwenyekiti wa kijiji, ambaye baba yake na baba wa mume wangu walikuwa ndugu, kwa hiyo kwangu ni shemeji. Mwalimu mkuu wa shule yetu ya msingi, mtu wa kuja, si damu yetu, ila mkewe nilikuwa nikisukana naye nywele. Mdogo wangu wa tumbo moja, aliyekuwa akisomea ualimu wa sayansi mjini Tabora na alikuwa kwetu kwa likizo. Mzee mmoja Mzaramo, mstaafu wa reli pale Bukene, ambaye hakuwa ndugu wa mtu yeyote ila alikuwa mtani wa kila mtu. Na watoto: wangu watatu, wa mwenyekiti, wa mwalimu, na wengine waliofuata kelele.

Majina yao wote ninayo kichwani, hata la mbwa wa mwenyekiti. Siyaandiki. Wengine wamelala makaburini, hawawezi kunijibu, na mimi nikikasirika mdomo wangu hauna breki.

Watu wakisikia nina hasira juu ya maji wanadhani yalikuwa machafu. Hapana. Yalikuwa safi mno.

Kabla ya vijiji vya ujamaa tulikaa kando ya njia ya zamani ya misafara, waliyopita wapagazi kutoka Unyanyembe kwenda upande wa ziwa. Kisima chetu kilichimbwa na wao, au na waliowauzia chakula, sijui. Kilikuwa kifupi, maji yake yana rangi ya udongo, unayaacha kwenye mtungi yatulie, tope linakaa chini, unakunywa matamu. Nimezaliwa nikayanywa, na mama yangu vivyo hivyo. Meno yetu yalikuwa ya kuvunjia mifupa.

Kisha tukahamishwa. Mapaa yaliezuliwa tukiwa tunatazama, vyombo vikapakiwa kwenye lori, tukashushwa mahali ambapo nyumba zimepangwa kwa kamba. Kifungua mimba wangu alikuwa mkubwa wa kubeba kuku. Wa pili alikuwa bado ananyonya. Kijiji kipya kilikuwa na pampu, chuma kilichozamishwa chini sana mpaka kwenye mwamba. Ukikandamiza mkono wake maji yanatoka meupe, hayana jani wala mdudu. Tulipiga vigelegele. Nani atashuku maji unayoona kiganja chako ndani yake?

Miaka ikapita. Meno ya utoto ya mwanangu wa pili yakang'oka, yakaja ya ukubwani. Yalitoka na madoa kama ya chokaa, halafu madoa yakageuka kahawia, rangi ya gome la mninga. Nikadhani ni mwanangu peke yake. Nikatazama watoto wa jirani: hivyo hivyo. Sisi wakubwa tulikuwa na meno meupe, na vijana wetu pia. Basi wazee wakasema neno ambalo wazee hulisema kila zama: watoto wa siku hizi wachafu.

Mwalimu mkuu alilichukua neno hilo akalifanya sheria. Kila Jumatatu asubuhi watoto walisimama mstarini, wakakaguliwa kucha, nywele, meno. Mwenye meno ya kahawia alipelekwa nyuma ya darasa akasuguliwa kwa mchanga na mkaa, na anayesugua ni mwanafunzi mkubwa, naye anaogopa fimbo, kwa hiyo anasugua kwa nguvu. Mwanangu alirudi nyumbani midomo imevimba, damu imekauka kwenye kola.

"Nani kakupiga?" nikamuuliza.

"Sijapigwa, mama. Nimesuguliwa."

Nilikwenda shuleni na kola ile mkononi.

"Habari za kazi, Mwalimu."

"Nzuri, mama. Karibu."

"Sijaja kukaribia. Hii damu ya nani?"

Akaitazama kola kama mtu anayeonyeshwa hesabu isiyo yake. "Mama, sisi tunajenga taifa la watu wasafi. Tazama wanangu watatu wale. Wanapiga mswaki, basi. Meno kama maziwa."

"Wangu naye anapiga mswaki. Namkatia mti mwenyewe."

"Mtoto hakuambii kila kitu," akasema, akacheka, akarudi kwenye chaki zake.

Wanawe wale watatu walizaliwa na kukulia mjini. Walibaki huko kwa bibi yao, wakaja kwetu meno ya ukubwani yamekwisha kuota. Siku ile sikuliona hilo. Niliondoka na ghadhabu isiyo na maneno, na hiyo ndiyo ghadhabu mbaya, inakugeukia mwenyewe.

Mdogo wangu alikuja likizo mwezi huo huo. Alifika usiku. Asubuhi mwanangu wa pili alipopita akimsalimu, "Shikamoo mama mdogo," akamshika kidevu.

"Marahaba. Fungua mdomo." Akatazama muda mrefu. "Dada, waite wote watatu. Wapange kwa umri."

"Kwani unawauza?"

"Wapange tu."

Nikawapanga. Akamfunua mkubwa mdomo: meupe. Wa pili: kahawia. Kitindamimba, aliyezaliwa pale pale kijijini, alikuwa na vijino vyake vya utoto tu, akamng'ata kidole. Mdogo wangu hakucheka. Akaingia ndani akatoka na karatasi ya manila aliyokuwa akiisomea, akaitandaza juu ya mkeka na kuiwekea mawe pembeni. Ilijaa visanduku vyenye herufi.

"Hili ni jedwali la elementi. Kila kitu duniani, jiwe, mate, moshi, kimetokana na hizi."

"Hata ugali?"

"Hata ugali wako mbichi, dada. Sikiliza. Kila elementi ina chembe, na kila chembe ina elektroni. Chembe mbili zikishikana zinaweza kushirikiana elektroni, kama watu wawili wanaolalia shuka moja. Wewe na shemeji nani anavuta shuka?"

"Shemeji yako. Naamka nimekaa kama kuku aliyenyonyolewa."

"Basi na hizi ni hivyo. Hakuna anayevuta sawa na mwenzake. Na hazikutupwa humu hovyo. Ukitembea kwenda kulia katika mstari mmoja, kwa kawaida anayefuata anavuta zaidi. Ukishuka chini katika safu, nguvu inapungua, maana wa chini ni wanene, wamevaa nguo juu ya nguo, mkono wao haufiki kwenye shuka."

"Na hawa wa pembeni kabisa, kulia?"

"Hao wameshiba, hawana haja na shuka ya mtu. Waache. Nitafutie sasa anayevuta kuliko wote."

Mimi kusoma nilijifunza kwenye kisomo cha watu wazima, chini ya taa ya chemli, tena kwa kusitasita. Lakini kwenda kulia na kupanda juu hakuhitaji shule. Nikapitisha kidole, nikawaruka walioshiba, nikasimama.

"Huyu."

"Florini," akasema. "Huyo akikutana na mwenzake ananyang'anya. Na akishapata elektroni yake anamng'ang'ania kalsiamu, huyu wa huku kushoto, mwepesi wa kutoa. Kalsiamu ndiyo imejaa kwenye meno na mifupa. Florini kidogo haina neno, hata inasaidia jino. Ikizidi wakati jino linaumbwa ndani ya ufizi, jino linaumbika vibaya. Likitoka limekwisha kuharibika, sugua mpaka kesho. Sisi wakubwa meno yetu yaliumbwa kule kwenye kisima cha zamani. Ndiyo maana ni meupe, si kwa sababu ya usafi."

"Imetoka wapi?"

"Kwenye miamba. Pampu inachota mbali chini. Nimesoma na wasichana wa upande wa Arusha, meno yao ni haya haya, na walituambia ni florini ya maji. Siwezi kuapa mpaka yapimwe. Na magadi unayotia kwenye mlenda nayo yapunguze, yanaweza kuwa nayo."

"Magadi ametia bibi yetu maisha yake yote."

"Yapunguze hata hivyo."

Nikamtazama kitindamimba anayetambaa juu ya jedwali na mkono wake wenye uji. "Na huyu?"

"Huyu meno yake ya ukubwani yanaumbwa sasa hivi, dada. Tunavyoongea."

Nikamnyanyua kutoka kwenye karatasi. Wa pili maji yalikuwa yamekwisha kuniharibia. Huyu bado.

Mdogo wangu alijaza chupa maji ya pampu ili ayapeleke mjini yakapimwe. Aliyapeleka kweli, akayakabidhi kwa wahusika. Majibu nayasubiri mpaka leo.

Mimi sikungoja chupa. Kesho yake nilijitwika mtungi nikaenda mahame, kule tulikohama, mwendo wa asubuhi nzima kwenda na kurudi. Nyumba yangu ilikuwa kichuguu. Kisima kilikuwapo. Nikachota, nikarudi, nikamnywesha mwanangu, nikampikia uji. Nilikwenda hivyo siku kadhaa. Kisha mgambo wakanikamata njiani. Kurudi mahame kulikatazwa, kila mtu alijua, kwa sababu mwanzoni watu walikuwa wakitoroka kurudi kwao. Kijana mmoja wa mgambo, ambaye mama yake nilimkanda alipomzaa, alinishusha mtungi kichwani kwa adabu zote, akasema, "Samahani mama, ni amri," akaupasua kwenye jiwe. Nilisimama nikitazama maji ya mwanangu yakinywewa na vumbi.

Ndipo baraza likaitishwa, nionywe mbele ya watu.

Mwenyekiti alianza kwa sauti ya upole, ile anayotumia mtu mwenye rungu. "Shemeji, tumepewa pampu. Vijiji vingapi havina? Leo wewe unaipa mgongo, unakwenda kunywa tope na vyura. Nikikuruhusu uchote mahame, kesho mwingine atalima mahame, keshokutwa atalala huko. Wilayani nitajibu nini?"

"Utajibu kwamba maji yanaozesha meno ya watoto," nikasema.

"Meno yanaozeshwa na uvivu," mwalimu mkuu akadakia.

Mdogo wangu akasimama. Akaomba ruhusa, akapewa kwa sababu alikuwa msomi na watu walitaka kusikia msomi anavyoongea. Hakuleta maneno mengi. Akasema, "Naomba watoto wote wasimame kwa umri, mkubwa huku, mdogo kule." Watoto wakakimbilia mstari kama mchezo. Wa mwenyekiti wakaingia, na wa mwalimu, hata binti mdogo wa mwalimu ambaye alizaliwa pale pale kijijini. "Cheka," akawaambia, nao wakacheka, meno yote nje.

Mngeona. Kichwa cha mstari kilikuwa cheupe. Katikati pakaanza kuwa na madoa. Chini zaidi, kahawia, kahawia, kahawia, mchafu na msafi, maskini na mtoto wa mwenyekiti. Mwisho kabisa wale wadogo wenye meno ya utoto. Weupe walioingia katikati walikuwa wa mwalimu peke yao, wale wa mjini.

Mdogo wangu akatundika karatasi yake ukutani. "Mzungu mmoja wa zamani alizipanga elementi hivi, akaona zinafuata mwendo. Palipokosekana elementi akaacha sanduku tupu, akasema atakayekuja kukaa hapa atakuwa na tabia hii na hii. Wakaja, wakawa hivyo." Akaenda mwisho wa mstari, akamwekea mkono kichwani binti wa mwalimu. "Mwalimu, huyu ni sanduku tupu. Meno yake ya ukubwani bado. Usiyasubiri huku anakunywa maji ya pampu."

Kisha mwenyekiti akakohoa.

"Kwa hiyo, binti, unatuambia ndani ya pampu yetu amekaa mwizi wa mashuka?" Maana habari ya shuka ilikuwa imekwisha kuzagaa kijijini. Watu wakaangua kicheko. "Keti. Umesoma, hongera. Lakini hapa si maabara." Mwalimu mkuu akacheka kuliko wote, akamwita binti yake akae. Mume wangu akaendelea kuchora chini.

Nasema hivi nikiwa mzee: sijawahi kuchukia kicheko kama kile. Ukweli ulisimama na miguu yake pale, kila mtu akauona kwa macho, ukaambiwa keti.

Mwenyekiti alikuwa anafunga baraza yule mzee Mzaramo alipoinuka, kofia ya reli kichwani. Alikuwa amekuja kwa baiskeli kununua asali.

"Ngojeni, enyi wapagazi! Hukumu ya wenye nyumba imekwisha, sasa ya mtani."

Wazaramo na Wanyamwezi ni watani. Inatokana na njia ile ile ya misafara. Babu zetu walikuwa wakifika pwani na mizigo, wakipumzika kwao. Mtani akikutukana, unacheka. Akikuchukulia kitu mbele ya watu, huwezi kumkatalia. Ukikasirika, wewe ndiye mwenye aibu.

"Babu zenu," akasema, "walikuja kwetu na pembe mabegani, wamepauka kama mihogo. Walipoiona bahari wakauliza, nani kamwaga maji mengi hivi? Hawakujua hata kuyanywa, wakatapika! Sisi tukawapa ya kisimani. Wakanywa wakajaza na vibuyu. Nani aliturudishia?"

"Mlitupa maji ya nazi yaliyochacha!" mtu akapiga kelele.

"Nyamaza, mzigo wewe. Mwenyekiti, leo nakuja kuchukua changu. Kisima kile cha mahame ni cha wapagazi, na wapagazi ni mali yangu. Nakichukua."

Watu walianza kugaragara. Mwenyekiti akajaribu kukunja uso, haukukunjika. Wazee wenzake walikuwa wanamtazama. "Kichukue," akasema, "na vyura wake."

"Na nikichota maji yangu nikawaletea watumwa wangu, mgambo wako atanivunjia mtungi?"

"Nani atamgusa Mzaramo? Atanuka nazi mwezi mzima."

Ikawa imekwisha hivyo. Kwa mzaha.

Tangu hapo mzee alipita mlangoni kwangu na madebe mawili kwenye baiskeli, akipiga kengele. "Mke wangu! Toka upokee mkojo wa mumeo!" Mume wangu naye ikambidi acheke, maana ndiyo mila. Mzee alipochoka tukatafuta njia nyingine: tulikwenda wanawake wenyewe, tumefuatana na mitungi, na mgambo wakitusimamisha tunasema, "Sisi wapagazi wa Mzaramo, tumebeba mzigo wake." Kijana yule aliyenivunjia mtungi alitazama pembeni, tukapita.

Mnacheka. Nami nilicheka njiani. Lakini nikifika nyumbani nilikuwa nawaka. Mdogo wangu alirudi Tabora akiwa na karatasi yake imekunjwa, hakuwahi tena kusimama kwenye baraza letu. Na kule shuleni mchanga uliendelea. Mwanangu akawa anatoroka kila Jumatatu, akichapwa Jumanne.

Mwaka uliofuata binti mdogo wa mwalimu aling'oka meno ya mbele. Yalipokuja mapya sote tuliyaona siku moja alipokuwa anaruka kamba: yana madoa ya chokaa, na mstari wa kahawia katikati. Jumatatu ile hakuna aliyekaguliwa meno. Wala iliyofuata. Mwalimu hakutangaza, hakueleza, hakumwita mwanangu hata kumwambia pole. Mkewe alikuja asubuhi na mtungi, akasimama mwisho wa msururu wetu. Nilimpisha akachota mbele yangu, maana mtoto hana kosa. Lakini nywele hatukusukana tena.

Kitindamimba wangu leo ni bibi wa watu. Meno yake ya mbele yana vijistari vyeupe nchani, vya wakati wa pampu. Yaliyofuata nyuma yote ni safi. Anacheka mdomo wazi, anacheka hovyo, mpaka namwambia funga, nzi wataingia.

Kaka yake hacheki hivyo. Ni mtu mzima mwenye mvi, ana heshima zake, lakini mtu akimchekesha mkono unapanda wenyewe mdomoni. Kwenye picha ya harusi yake amefumba midomo kama aliyekatazwa kusema. Hajui kwamba namwona. Kila mkono ule unapopanda, mimi nasikia mchanga.

Ninyi mliokuwapo, au mliosimuliwa na mama zenu, kama mahali nimepotoka nirekebisheni. Huenda mwenyekiti hakusema vyura, alisema konokono. Huenda watoto wa katikati ya mstari nimewachanganya. Wanaojua elementi kuliko mimi waniambie kama nimeifikisha vibaya habari ya kulia na ya juu, nitakubali. Lakini mtu asije kunirekebisha kwamba mwanangu hakuwa anapiga mswaki.